Kamba ya Wiki ya Arobaini

Ijumaa ile, saa tisa alasiri, Ambakisye Mwaisumo alitoa mfukoni karatasi ya wiki iliyopita ili afutie grisi mikononi, na macho yake yakaangukia tarakimu. Angekuwa na kitambaa asingeona kitu. Angefuta mikono, angekwenda zake kwenye kikao cha Wabonyezaji, na jambo hili lingempata mtu mwingine.

Karatasi ilisema: KAMBA YA KATUNDULU. WIKI YA 39. UCHAKAVU 13.9948. SALAMA. Chini yake muhuri wa kijani.

Akainua macho kwenye ubao wa kituo. Karatasi mpya ilibandikwa asubuhi. WIKI YA 40. UCHAKAVU 13.9745. SALAMA. Muhuri wa kijani.

Alisoma ile, akasoma hii, akarudia ile. Nje, magari ya kamba yalikuwa yakielea juu ya korongo kwenda ng'ambo na kurudi, watu ishirini ndani ya kila moja, na migomba chini kabisa ikionekana kama mboga shambani.

"Atu!" akaita. "Hebu njoo hapa."

Binti yake Atupele alikuwa kondakta wa gari namba mbili. Alikuja na sare yake ya buluu, ndizi ya kuchoma mkononi.

"Baba, nina dakika tatu tu. Kuna nini?"

"Kamba inaweza kurudi ujana?"

"Umeanza."

"Nakuuliza. Wiki iliyopita kumi na tatu nukta tisa tisa. Wiki hii kumi na tatu nukta tisa saba. Yaani kamba imepanda na kushuka siku saba, imenyeshewa, imebeba watu na majani ya chai, halafu uchakavu umepungua?"

Atupele alitazama ubao. Ambakisye alimwona alipotazama: si kwenye tarakimu, kwenye muhuri. Watu wa rika lake wote walitazama hapo.

"Kijani hiyo," akasema. Akagusa kisikio chake, kile kidude kidogo ambacho karibu kila mtu alikivaa. "Hesabu, kamba yetu vipi?" Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. "Anasema salama. Jibu ni sahihi. Haya, umeridhika?"

"Wewe umeona tarakimu zenyewe?"

"Mimi nizione za nini, na yeye yupo?" Akacheka, akamsukumia ndizi iliyobaki. "Kula, mzee wangu. Njaa ndiyo inakusumbua. Kesho nina kazi, usinichoshe leo. Msiba wa Mchungaji Anyosisye, ng'ambo yote inazika. Tumeambiwa tujaze magari kuanzia saa tatu."

Akaondoka mbio. Ambakisye akabaki na ndizi mkono mmoja na karatasi mkono wa pili. Alikuwa amepaka grisi kamba za Katundulu kwa miaka kumi na tisa. Shule aliiacha darasa la saba kabla ya mtihani, lakini hili alilijua: uchakavu huanza na moja, na wa kila wiki ni ule wa wiki iliyopita ukizidishwa kwa moja nukta sifuri saba. Ukifika kumi na nne, kamba inatolewa. Zamani walikuwa wakiitoa mapema, wiki ya thelathini tu, bila kumwuliza mtu. Mwaka jana likaja agizo kwamba kamba itumike mpaka Hesabu Moja, mashine inayohesabia nchi nzima, aseme imefika.

Hesabu Moja hajasema. Na kwa jinsi alivyokuwa akihesabu, Ambakisye aliona, huenda asiseme kamwe.

*

Wabonyezaji walikutana nyuma ya duka la mbegu la Gwakisa Mwambeje. Walikuwa saba katika wilaya nzima, na kazi yao ilikuwa moja, kupenda vikokotoo vya mkononi. Sheria iliruhusu kuwa navyo kama mapambo tu. Betri zitolewe. Vile vya jua, kioo chake cha kupokea mwanga kipakwe rangi ya kucha mpaka kiwe kipofu. Wabonyezaji wote walipaka. Na wote walijua jinsi ya kukwangua.

Ambakisye aligonga.

"Mkia?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Tisa nane saba tatu."

Komeo likavutwa. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Kila mashine, ukiipa mbili, ukaitafutia kipeuo cha pili mara kumi, kisha ukazidisha jibu kwa lenyewe mara kumi kurudi ulikotoka, ilipaswa kukurudishia mbili. Hakuna iliyorudisha. Zilirudisha moja nukta tisa tisa tisa na mabaki fulani, na mabaki hayo yalikuwa tofauti kwa kila aina. Waliyaita mkia. Mbonyezaji mzuri alijua mikia mia moja kwa kichwa, na ukimpa mkia alikutajia mashine, mwaka, na rangi ya vitufe vyake.

"Fundi, leo ni wewe na mimi," Gwakisa alisema. "Wengine wamekwenda kuchimba kaburi la mchungaji. Keti. Au umekuja kuniazima wembe wa kukwangulia tena? Maana nyie wenye mashine za Kasuku hamna haya."

"Injinia, leo sina utani."

Gwakisa alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwembamba, mwenye mikono isiyotulia. Alifanya kazi makao makuu ujanani, akastaafu mapema, akarudi nyumbani kuuza mbegu. Hakuna aliyejua kwa nini. Mbele yake, juu ya kitambaa, ilikaa Tembo yake: mashine nzito, ya kijivu, yenye tarakimu nyekundu zinazowaka kama makaa. Ilikuwa nzuri kuliko zote chamani, na mbovu kuliko zote. Kila Mbonyezaji aliujua ugonjwa wa Tembo. Ilikuwa ikitolewa kama kichekesho kwa wanachama wapya.

Ambakisye akatoa Kasuku yake, ya kijani, ya kishule, kitufe cha saba kimelegea. Akaiweka dirishani kwenye mwanga. Akabonyeza moja nukta sifuri saba, alama ya kuzidisha, halafu alama ya sawasawa, mara moja, mara mbili, mara tatu, huku midomo ikihesabu. Gwakisa alimtazama bila kuuliza. Katika chumba kile, mtu akibonyeza hakatizwi.

Alipomaliza, Kasuku ilionyesha 14.974451.

"Hiyo ni nguvu ya arobaini, kuzidisha mara arobaini," Ambakisye alisema. "Ni kamba yetu. Imepita. Ilitakiwa itolewe leo." Akaitandaza karatasi mpya aliyoibandua ubaoni. "Hesabu Moja anasema hivi."

Gwakisa aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko tarakimu sita zinavyohitaji.

"Sasa nipe Tembo," Ambakisye alisema.

"Ya nini?"

"Nipe tu, Injinia."

Gwakisa hakuisogeza. Ambakisye akanyoosha mkono mwenyewe. Tembo ilikuwa na kitufe cha nguvu, haikuhitaji kurudiarudia. Moja nukta sifuri saba, kwa nguvu ya arobaini. Tarakimu nyekundu zikacheza, zikatulia: 13.974458.

Akajaribu arobaini na moja. 13.974458. Arobaini na tano. 13.974458. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa Tembo. Ikifika nguvu ya arobaini huangusha moja, na baada ya hapo hukwama, hurudia jibu lile lile hata ukiibonyeza hadi kesho.

"Mtu anaweza kukosea," Ambakisye alisema polepole. "Lakini watu wawili hawawezi kukosea vilevile mpaka tarakimu ya mwisho. Huu ni mkia. Ndani ya Hesabu Moja kuna Tembo. Aliingiaje?"

Gwakisa alinyanyuka, akalifunga dirisha, akarudi kukaa. Ghafla alionekana mzee.

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita," akasema. "Kila kijana alipewa kipande chake cha kuandika. Mimi nilipewa kupandisha nguvu. Vitabu vilikuwa na njia ndefu, nzito. Tembo ilikuwa na njia fupi, nyepesi, tamu kama wimbo. Nikaifungua, nikainakili yote. Nilitaka ibaki duniani, Fundi. Kila mtu atakayeuliza jibu, ajibiwe na Tembo bila kujua."

"Na ugonjwa wake?"

"Niliujua. Nilisema nitarudi kuutibu wiki inayofuata, nikaahirisha mwaka baada ya mwaka. Na nani anapandisha kitu nguvu ya arobaini kila siku? Halafu ukaja Mwaka wa Majibu Mawili."

Ambakisye hakuhitaji kukumbushwa mwaka huo. Siku zile nchi ilikuwa na wahesabuji wawili, wakubwa sawasawa. Usiku mmoja walitoa majibu mawili ya saa ya treni, na treni mbili zikawekwa kwenye reli moja. Mama Atu alikuwa behewa la tatu. Kisha ikatungwa sheria: mhesabuji ni mmoja, na jibu likishatoka haliguswi, wala na aliyeliandika. Ambakisye aliipigia makofi sheria hiyo, amevaa nguo nyeusi, mtoto mgongoni.

"Kwa hiyo ulinyamaza."

"Miaka ishirini na mbili. Mwanzoni haikudhuru. Watu walikuwa waoga, walitoa kamba mapema, walipunguza dozi, waliongeza saruji. Siku hizi hawaogopi tena. Wanangoja Hesabu aseme." Gwakisa akaizima Tembo. "Si kamba tu. Kila kinachozidishwa kwa kurudiwa. Dawa za wagonjwa wa muda mrefu. Kuta za mabwawa."

"Twende tukaseme."

"Tukaseme nini, na kwa nani? Utatoa ushahidi gani? Kasuku uliyoikwangua macho? Hicho ni kifungo cha miaka saba kabla hujafungua mdomo. Na wakikuamini, ndiyo mbaya zaidi. Kesho yake nchi haina jibu hata moja. Treni zote zitaulizwa nani, Fundi? Zitaulizwa wewe?"

Ambakisye akairudisha Kasuku mfukoni.

"Una spana," Gwakisa alisema, sasa kwa sauti ya kubembeleza. "Legeza boliti moja kwenye gurudumu kubwa. Magari yatasimama wiki tatu. Mtabadilisha kamba humo humo. Binti yako salama, mimi salama, mashine zetu salama. Nani ataumia?"

"Kuna njia za kamba ngapi nchini?"

"Sikuulizi hizo. Nakuuliza Atupele."

*

Jumamosi saa mbili asubuhi kituo kilikuwa kimejaa. Watu kama mia tatu, wanawake wamejifunga kanga mbilimbili kwa baridi, wengine wamebeba sufuria na mikungu ya ndizi vichwani. Kwaya ilikuwa ikijaribu sauti kando ya uzio. Ng'ambo ya korongo, ngoma ya msiba ilisikika kwa mbali.

Ambakisye alikuwa na spana mfukoni tangu alfajiri. Mara mbili alipanda ngazi ya gurudumu kubwa, mara mbili akashuka. Boliti ile ingemwokoa Atu, kweli. Lakini alijua pia jinsi mtu anavyolegeza boliti moja, akarudi nyumbani, akala, akalala, na baada ya miaka ishirini na mbili akawa Gwakisa.

Saa mbili na nusu aliwasili mkaguzi wa njia za kamba, Bi Zulfa Kheri, mwanamke mfupi mwenye koti la mvua na mkoba wa ngozi. Ambakisye akamwomba waingie stoo ya grisi. Akafunga mlango. Akaweka juu ya pipa karatasi mbili na Kasuku, macho yake wazi.

Mkaguzi aliitazama mashine kwanza. "Mzee Mwaisumo, unajua hiki ulichonionyesha ni nini?"

"Najua, mama. Kiache kwanza. Soma karatasi. Usiulize kisikio, soma."

"Nisome nini?"

"Wiki iliyopita na wiki hii. Ipi kubwa?"

Alisoma. Ambakisye alikuwa amejiandaa kueleza yote, mara moja nukta sifuri saba, Tembo, mkia. Hakuhitaji. Alimwona yule mama akikunja karatasi zote mbili polepole na kuzitia mkobani.

"Umesoma mpaka wapi, baba?"

"Darasa la saba. Sikulimaliza."

"Wahandisi wote wale hawajaliona." Akakaa juu ya ndoo. "Mwezi wa tatu kamba ya Masanglo ilikatika. Tuliandika radi. Mwezi wa sita ikakatika ya Lukasi. Tukaandika radi. Zote mbili, wiki ya arobaini na tatu. Niliuliza radi gani inayojua kalenda. Nikaulizwa nina watoto wangapi."

"Ukafanyaje?"

"Nikawaambia watatu."

Nje, kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa kwanza.

"Nisikilize," mkaguzi alisema. "Magari haya hayaondoki leo. Nitaandika gurudumu limekwama, na stoo ya kamba mpya nitaifungua mwenyewe. Hilo naweza. Wewe utanipa mashine hii na zote za wenzako. Na ukiulizwa, jibu la wiki ya arobaini lilikuwa sahihi."

"Na njia nyingine?"

"Sijakuuliza za nyingine."

Ambakisye aliyasikia maneno ya Gwakisa yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, mwema pia, mwenye hofu pia. Aliichukua Kasuku. Akakibonyeza kitufe cha saba kilicholegea, mara moja, kwa mazoea tu. Kisha akamkabidhi. Atu kwanza, alijiambia. Mengine baadaye.

*

Tangazo lilipobandikwa watu walipiga kelele. Korongo kwa miguu ni mwendo wa saa mbili na nusu, na mazishi ni saa saba.

"Gurudumu gani linakwama siku ya msiba?" mzee mmoja alifoka. "Jana si lilikuwa linazunguka?"

"Fundi kalewa," mwingine akasema, na watu wakacheka kwa hasira.

Ambakisye alisimama kando ya gari namba mbili, mikono ikining'inia. Alikuwa tayari kutukanwa mpaka jioni. Alijisikia mwepesi, karibu mwenye furaha, mpaka alipomwona Atupele akija kwa haraka na begi la nguo begani.

"Baba, bahati yangu! Kwa kuwa huku kumefungwa, Hesabu kanipanga upya. Naenda Ilolela. Gari la ofisi linanisubiri pale, naanza kazi leo hii."

"Ilolela," Ambakisye alisema.

"Kule kuna watu maradufu ya huku. Nitakaa wiki tatu hivi, mpaka mfunge kamba mpya. Mbona umenikodolea macho?"

"Kamba yao iko wiki ya ngapi?"

"Baba, jamani."

"Atu. Ya ngapi?"

Akagusa kisikio, akageuza macho juu kwa kuchoka. "Thelathini na tisa. Ijumaa inaingia arobaini. Na ni kijani, kabla hujauliza."

Ambakisye alimtafuta mkaguzi. Bi Zulfa alikuwa mlangoni mwa ofisi, hatua kumi tu, na alikuwa amesikia. Walitazamana. Mkaguzi akainamisha uso, akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, kitu ambacho hakikuwamo.

Basi. Baadaye ilikuwa imefika mapema.

Alikwenda stoo, akarudi na kopo la grisi. Akachovya vidole vitatu, akaandika kwenye mlango mweupe wa gari namba mbili, tarakimu kubwa kama mikono ya watu:

13.9948

Na chini yake:

13.9745

"Ya juu ni wiki iliyopita!" akapaza sauti, na kelele zikapungua. "Ya chini ni wiki hii! Huo ni uchakavu wa kamba mliyokuwa mpande. Someni. Kamba haipungui kuchakaa. Ilikuwa itolewe jana. Na si hii tu, Masanglo haikuwa radi! Someni wenyewe, ndugu zangu. Msiulize."

Waliuliza. Alijua wangeuliza. Mikono mia tatu ilipanda masikioni kwa pamoja, ya wazee, ya wanakwaya, ya mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Kituo kikawa kimya kabisa. Na katika kimya kile Ambakisye, ambaye hakuwa na kisikio tangu treni, alilisikia kwa mara ya kwanza likitoka kwenye masikio yote kwa mpigo, jembamba, kama nyuki ndani ya ukuta: jibu ni sahihi.

Nyuso zikalegea. Mzee aliyefoka akatema mate, akachukua fimbo yake, akaanza kushuka korongoni. Wengine wakamfuata. Waliompita Ambakisye walimpita kwa mbali, kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Mlangoni mwa ofisi, Bi Zulfa Kheri alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini na mtu asiyeonekana, akitaja jina la Mwaisumo, herufi kwa herufi.

Atupele alikuwa amesimama palepale. Mkono wake ulikuwa nusu ya njia kwenda sikioni. Dereva wa ofisi akapiga honi.

"Atu," baba yake alisema. "Usiulize. Tazama."

Mkono ukashuka. Alisogea mlangoni, akaweka kidole kwenye grisi, chini ya tarakimu ya kwanza, kama mtoto wa chekechea. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Moja, moja," akasema. "Tatu, tatu. Tisa, tisa."

Honi ikalia tena, ndefu.

"Tisa," Atupele alisema, na kidole kikashuka mstari wa chini, kikasimama. "Saba."

Akalitua begi chini.